Naloksoni: Kazi Haiishi Mgonjwa Anapofumbua Macho

Tangu mwaka 2001, ilipofanyika kwa mara ya kwanza mjini Melbourne, Australia, tarehe 31 Agosti huadhimishwa kimataifa kwa ajili ya kuwakumbuka waliofariki kwa kuzidisha dozi ya dawa. Kampeni ya siku hiyo inapokaribia, sisi tunaofundisha wanajamii matumizi ya naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi ya aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, hupokea maswali na malalamiko kwa wingi. Mengi yanatoka kwa watu waliokwisha kuitumia dawa hiyo kumwokoa ndugu, jirani au mwenzao, na karibu yote yanahusu yale yaliyotokea baada ya kuitoa.

Lalamiko la kwanza ni kwamba dawa ilichelewa. Heroini, mofini, fentanili na dawa nyingine za jamii ya afyuni huvishika vipokezi vya ubongo na kupunguza pumzi hadi ikome. Naloksoni huziondoa kwenye vipokezi hivyo, lakini huchukua dakika mbili au tatu, iwe imepulizwa puani au imechomwa kwenye msuli. Waliopitia tukio hilo wanasema dakika hizo ni ndefu mno, na wengine humaliza pakiti nzima mfululizo huku mgonjwa hapumui. Kinachomuua ni kukosa hewa, kwa hiyo kinachotakiwa wakati wa kusubiri ni kumwinua kidevu, kumbana pua na kumpulizia pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano. Dozi ya pili hutolewa pale tu dakika hizo zinapopita bila pumzi kurejea. Ikumbukwe pia kwamba aliyechanganya afyuni na pombe au dawa za usingizi anaweza kupumua vizuri na bado asiamke. Hapo naloksoni imetimiza kazi yake, kwa kuwa lengo ni pumzi. Mlaze ubavu na uendelee kumwangalia.

Lalamiko la pili huwaumiza zaidi wazazi: kijana anaamka, anatapika, anatetemeka na kumtukana aliyemwokoa. Hiyo ni arosto ya ghafla, yaani maumivu ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, na wanaotumia dawa hizo wanaielewa kuliko sisi wakufunzi. Mtu huyo hajui kwamba alikuwa anakufa. Anachokijua ni maumivu aliyonayo. Usibishane naye. Mweleze kwa utulivu kilichotokea, na umsihi asitumie tena dawa ili kuituliza arosto.

Kusihi huko kuna sababu. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, ilhali methadoni, kwa mfano, ambayo nayo ni ya jamii ya afyuni, huweza kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Naloksoni inapoisha nguvu, mgonjwa anaweza kuzidiwa upya akiwa peke yake chumbani, na watu wanaomwona wakadhani amelala. Ndiyo maana tunasisitiza kuita gari la wagonjwa hata kama ameamka, na kutomwacha hadi wahudumu wafike. Hili tumelisema katika kila mafunzo, na bado tunasikia kwamba mtu aliamka, akapewa maji, kisha kila mmoja akaenda zake.

Wanaoogopa kuita msaada kwa sababu ya polisi wana hoja, na sheria hutofautiana, kwa hiyo kila programu ya mafunzo inapaswa kueleza sheria ya nchi yake kwa ukamilifu. Sheria ya Kanada ya mwaka 2017, kwa mfano, inamlinda anayeita msaada, mgonjwa mwenyewe na waliopo hapo dhidi ya mashtaka ya kupatikana na dawa kwa matumizi binafsi, na dhidi ya ukiukaji wa masharti ya dhamana au ya kifungo cha nje unaohusiana na kosa hilo. Haimlindi muuzaji wa dawa hizo, wala mwenye hati ya kukamatwa iliyokwisha kutolewa, wala aliyetenda kosa jingine.

Bado wapo wanaodai kwamba maziwa, maji baridi, makofi au sindano ya maji ya chumvi vinatosha. Havitoshi, na vinapoteza dakika za pumzi. Wapo pia wanaosema kazi hii ni ya madaktari peke yao. Shirika la Afya Duniani liliiweka naloksoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 1983, na mwaka 2014 likapendekeza ipatikane kwa yeyote anayeweza kushuhudia tukio, pamoja na mafunzo ya kuitumia. Katika mradi uliofanyika Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Ukraine, zaidi ya watu 14,000 walifundishwa, na takriban asilimia 90 ya walioshuhudia mtu akizidiwa walisema waliitumia. Watu hao hawakuwa madaktari.

Aliyetumia pakiti yake arudi alikoichukulia, aeleze dozi ngapi zilitolewa, kwa muda gani na mgonjwa aliishia wapi, kisha apewe nyingine. Taarifa hiyo haihitaji jina la mgonjwa. Pakiti itunzwe mbali na joto kali na mwanga, na tarehe ya mwisho wa matumizi ikaguliwe. Hata hivyo, ikiwa mtu amezidiwa na iliyopo ni iliyopitwa na wakati peke yake, itumike hiyo hiyo huku msaada ukiitwa.