Zoonosi: ugonjwa unaotoka kwa kulungu kwenda kwa mwindaji

Zoonosi ni ugonjwa ambao makao yake ya asili ni mnyama, lakini ukipata mlango humwingia binadamu pia. Kichaa cha mbwa ni zoonosi, na kimeta ni zoonosi. Neno hilo halitaji kijidudu cha aina moja: linaweza kuhusu bakteria, virusi au vimelea. Linachotaja ni safari, ya kutoka kwa mnyama kuja kwetu.

Anayewinda kulungu na kula nyama yake anahitaji kujua safari hiyo inapita wapi. Wengi hudhani inapita mezani tu, na kwamba nyama ikiiva vizuri mambo yamekwisha. Mimi naona hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Mlango wa kwanza hufunguka mapema zaidi, mnyama angali na joto.

Tazama kazi yenyewe. Kulungu amelazwa chali, mwindaji amepiga magoti, kisu kinashuka kutoka kidari hadi chini ya tumbo. Mikono inazama ndani kushika matumbo, ini na mapafu, na damu na mafuta vinafanya mpini uteleze. Kujikata hapo ni jambo dogo sana, na mara nyingi mtu hajui kama amejikata mpaka anaponawa na kuhisi maji yanachoma.

Jimbo la Michigan, Marekani, lina mfano wa wazi. Huko, tangu miaka ya 1990, kifua kikuu cha ng'ombe kimekuwa kikionekana kwa kulungu wa porini. Mwaka 2004 mwindaji mmoja alijiumiza kidole akimpasua kulungu aliyekuwa na ugonjwa huo, na kidole kile kikapata kifua kikuu. Hakula kitu wala hakuvuta hewa chafu. Bakteria walipita kwenye jeraha. Kulungu aliyeathirika sana huonyesha vinundu vya rangi ya manjano kwenye mapafu na kwenye ukuta wa ndani wa kifua. Ukiviona, acha kazi, usiile nyama hiyo, na uwaarifu maofisa wa wanyamapori. Ila kutoviona si uthibitisho, kwa sababu wengi wenye maambukizi huonekana wazima kabisa.

Ndiyo maana glavu za mpira si madoido. Vaa glavu, funika vidonda vyote, usile wala kuvuta sigara wakati wa kuchuna, na ukimaliza nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Bakteria wa bruselosi na wa tularemia, zoonosi nyingine mbili, nao hupenya kwa njia hiyo hiyo ya ngozi iliyochubuka na macho yaliyorukiwa na damu au majimaji ya mwili.

Mlango wa pili ni mdomo. Huko Japani, mwaka 2003, watu wanne walipata homa ya ini aina ya E wiki sita hadi saba baada ya kula nyama mbichi ya kulungu. Sehemu ya nyama hiyo ilikuwa imebaki kwenye friza. Ilipopimwa, ilikutwa na virusi vilevile vilivyokuwa ndani ya wagonjwa. Ndugu zao ambao hawakula, au walionja kidogo tu, hawakuugua. Kisa hiki kinafundisha pia kuhusu friza: baridi huvituliza virusi hivyo, haiviui.

Bakteria wa utumbo, kama E. koli aina ya O157, kwa kawaida huwa ndani ya matumbo na si ndani ya mnofu. Huletwa kwenye mnofu na risasi iliyopasua utumbo, au kisu kilichozama mno. Nyama iliyomwagikiwa na uchafu wa utumbo ikatwe pembeni na kutupwa. Kuisuuza kwa maji husambaza tu. Baada ya hapo ni mbio za kuipoza, kwa sababu ndani ya mwili wenye joto bakteria huongezeka haraka. Nyama ya kukausha nayo isiaminiwe kwa kuwa imekauka tu. Mwaka 1995 huko Oregon, Marekani, watu waliugua kwa O157 baada ya kula nyama ya kulungu iliyokaushwa nyumbani kwa moto mdogo. Kipimo cha uhakika ni joto la katikati ya nyama, nyuzi 71 za Selsiasi, na kwa nyama ya kusaga jambo hilo halina mjadala. Joto hilo huua pia vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama mjamzito anapaswa kuviogopa kuliko mtu yeyote.

Kuhusu kupe, kulungu husingiziwa kidogo. Ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wanaobebwa na kupe, hauji kwa kula nyama yake, na yeye mwenyewe si chanzo cha bakteria hao. Kupe huwapata hasa kwa panya na wanyama wengine wadogo. Lakini kulungu ndiye anayewalisha kupe wakubwa, na mzoga ukipoa kupe huanza kuhama kutafuta damu nyingine. Aliye karibu ni mwindaji, basi ajikague mwili mzima jioni hiyo hiyo.

Umebaki ugonjwa mmoja ambao haujathibitishwa kuwa zoonosi, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu. Ulionekana kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Colorado, na mwaka 2016 ukakutwa Norwei kwa kulungu wa theluji. Hauletwi na bakteria wala virusi. Huletwa na prioni, yaani protini ya mwili iliyojikunja vibaya, ambayo ikigusa protini nzima huigeuza ifanane nayo. Ubongo hutoboka taratibu kama sifongo. Mnyama anaweza kubeba ugonjwa kwa mwaka na zaidi akiwa mnene na mwenye mbio, kabla hajaanza kukonda na kudondokwa na mate.

Prioni haina uhai wa kuuliwa. Kuchemsha, kukaanga na kugandisha havifui dafu, na kwenye udongo hudumu kwa miaka. Hakuna binadamu aliyethibitika kuugua kutokana na ugonjwa huu. Lakini tukumbuke kichaa cha ng'ombe: kiligunduliwa Uingereza mwaka 1986, na miaka kumi ikapita kabla ya kutangazwa kwamba kuna watu waliougua kwa sababu yake. Katika maabara, aina moja ya tumbili wadogo wa Amerika Kusini wameambukizwa prioni za kulungu. Hayo yanatosha kunifanya nichague tahadhari.

Prioni hurundikana zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na mitoki, yaani tezi za limfu. Kwa hiyo mwindaji atoe mnofu kwenye mifupa badala ya kupasua uti wa mgongo kwa msumeno, na sehemu hizo asile. Mahali ambapo ugonjwa umeingia, mitoki ya nyuma ya koo hupelekwa kupimwa. Nyama ya kila kulungu ihifadhiwe peke yake, yenye lebo na namba ya sampuli, isisagwe pamoja na ya mwingine mpaka majibu yatoke. Ikikutwa na prioni, isiliwe. Na jibu la "haikuonekana" lisomwe kama lilivyoandikwa: kulungu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa bado hana prioni za kutosha kwenye mitoki kuonekana na kipimo.