Kuchagua mbegu ya tungule kwa bustani ya biashara Unguja na Pemba

Mkulima akiniuliza mbegu ipi ya tungule, yaani nyanya, inazaa sana, nami humuuliza kwanza anakusudia kuvuna mwezi gani. Kwenye pakiti huandikwa tani kwa eka, lakini haiandikwi miezi, ilhali katika visiwa vyetu mbegu ile ile, kwa mbolea ile ile na katika konde lile lile, inaweza kujaza matenga wakati wa Kipupwe, msimu wetu wa baridi ya katikati ya mwaka, na kumwachia mtu maua matupu wakati wa Kaskazi, msimu wa joto wa Disemba mpaka Machi.

Sababu kubwa ni joto la usiku. Mtungule hustahamili jua la mchana kuliko wengi wanavyodhani, ila usiku unapozidi nyuzi joto 24 hivi chavua hudhoofika, ua halishiki tunda, na baada ya siku chache hukauka na kudondoka pamoja na kikonyo chake. Kuanzia Disemba mpaka Machi usiku wetu mara nyingi hauteremki chini ya kiwango hicho, jambo ambalo mkulima wa Lushoto au wa Iringa halimgusi kabisa. Ndiyo maana sifa ambazo mbegu imezipata nyanda za juu zisichukuliwe kuwa ahadi kwa mtu wa Donge, Unguja, au wa Konde, Pemba. Rangi nayo huathirika, kwani joto likipita nyuzi 30 tunda hushindwa kutengeneza wekundu wake ipasavyo, likaiva na rangi ya manjano iliyofifia ambayo wachuuzi huikataa hata kama limekomaa vizuri.

Kwa Kaskazi, basi, nashauri mbegu chotara iliyozalishwa kwa ajili ya nchi za pwani zenye joto, na yenye ustahamilivu wa ugonjwa wa kukunjamana majani unaoenezwa na inzi weupe, maana nao huzidi wakati huo huo wa ukavu. Bei yake ni kubwa, na mbegu utakazozikamua kutoka kwenye tunda lake hazitatoa mmea kama mama yake, kwa hiyo gharama hiyo irudi kwenye hesabu kila msimu. Kwa Kipupwe sioni haja ya gharama hiyo. Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, huzaa vizuri, ganda lake ni gumu, na mkulima anaweza kujiwekea mbegu mwenyewe.

Ladha ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu ndipo mkulima wa visiwani anapoweza kumshinda mwenzake wa bara. Tungule inayovuka bahari huchumwa ikiwa bado ngumu, na mara nyingi imechaguliwa kwa ugumu wa ganda lake. Sisi tunaweza kuchuma asubuhi tunda lililoiva mtini na likafika soko la Darajani au la Machomanne kabla ya jua kuwa kali. Utamu wa tungule ni sukari, ukali wa asidi na harufu kwa pamoja, na sukari hutengenezwa na majani. Kwa hiyo mtungule mfupi unaobeba matunda mengi kwa mkupuo mmoja huku una majani machache hutoa tunda lenye sukari kidogo kuliko ule mrefu unaofungiwa kigingi na kuzaa polepole. Money Maker, mbegu ya zamani ya Kiingereza, ni ya aina hii ya pili: ganda jembamba, majimaji matamu, lakini hupasuka kwa mvua na haiwezi safari ndefu. Kwa kachumbari sijaona sababu ya kuitupa. Kwa mchuzi na rojo zito, Roma VF au Cal J zenye nyama nyingi na maji kidogo zinafaa zaidi.

Tazama pia tunda likiwa bado bichi. Baadhi ya aina huwa na kijani kilichokoza kuzunguka kikonyo, na nyingine zina kijani hafifu kilicho sawa pande zote. Wazalishaji wa mbegu kwa miaka mingi walizipenda hizi za pili kwa kuwa huiva kwa rangi moja, mpaka mwaka 2012 wanasayansi walipoeleza kwamba chembe ya urithi iliyoharibika na kuleta usawa huo ndiyo pia inayopunguza sukari ndani ya tunda. Bega la kijani si kasoro, na ningependa wachuuzi wetu walielewe hilo.

Kuhusu herufi za kwenye pakiti, V na F ni kinga dhidi ya aina mbili za mnyauko wa ukungu, na N ni dhidi ya minyoo fundo ya mizizi. Hiyo N isiaminiwe sana kwetu, kwa kuwa kinga yake hulegea udongo unapopita nyuzi 28. Wala hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia mnyauko wa bakteria. Mmea ukilala mchana na majani yake bado mabichi, kata kipande cha shina karibu na mzizi, ukining'inize ndani ya gilasi ya maji safi. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe mfano wa maziwa unashuka, hakuna dawa ya kunyunyiza itakayokusaidia. Hapo chaguo ni kuhama konde, au kubebesha tungule juu ya shina la mbilingani linalostahamili ugonjwa huo, kama vile EG203.

Liko na suala la Ramadhani, ambapo soko la tungule huwa zuri kuliko wakati mwingine wowote. Tangu kusia mpaka mchumo wa mwanzo ni karibu miezi mitatu na nusu, na kwa kuwa mwaka 2026 mwezi huo umeangukia Februari na Machi, maua yake yalilazimika kufunguka katikati ya joto. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani utaanza Januari, na miaka michache baadaye utaingia Novemba, wakati ambapo maua yatakuwa yamefunguka kabla joto halijapanda, na Tanya ya bei nafuu itatosha tena.