Programu ya kuiga saketi: kazi iliyo nyuma ya mchoro

Programu ya kuiga saketi hukokotoa volteji na mikondo ya umeme kabla mtu hajaunga hata waya mmoja. Wengi wanaotaka kujifunza kuiunda huanza na skrini: vitufe, alama za rezista, waya za kuvuta kwa kipanya. Naona huko ni kuanzia mwisho. SPICE, programu ya kuiga saketi iliyotoka mwaka 1973 kwa kazi ya Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, haikuchorewa chochote. Ilisoma orodha ya maandishi: kifaa gani, kimeungwa nodi zipi, kina thamani gani.

Nodi ni pale vifaa vinapokutana, na kwa kanuni ya Kirchhoff mkondo unaoingia hapo hulingana na unaotoka. Chukua betri ya volti 10, rezista ya omu 2,000, kisha ya omu 3,000 inayorudi kwenye negativu. Volteji ya nodi ya katikati tuiite V: (10 − V)/2,000 = V/3,000, yaani V ni 6. Nodi zikiwa 500, milinganyo nayo ni 500 hivi. Hupangwa katika matriksi, yaani jedwali la namba, na kutatuliwa kwa pamoja.

Dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja, ndiyo inayovuruga mambo. Katika joto la kawaida, volteji yake ikipanda milivolti 60 tu, mkondo huwa karibu mara 10. Mlinganyo wa namna hiyo hautatuliki kwa mpigo mmoja. Programu hukisia volteji, huichukulia dayodi kama rezista na chanzo cha mkondo vinavyofanana nayo pale pale ilipokisia, hutatua matriksi, kisha jibu hilo huwa kisio jipya, hadi majibu yaache kubadilika. Hiyo ni njia ya Newton-Raphson. Ila kisio likiruka hadi volti 5, fomula inaweza kutoa ampea zenye tarakimu zaidi ya 60 na hesabu nzima ikaharibika. Ndiyo maana lazima uandike msimbo wa kuzuia miruko mikubwa, na sehemu hiyo hula muda kuliko matriksi yenyewe.

Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Muda hukatwa vipande. Katika kila kipande, kapasita huwa chanzo cha mkondo sambamba na rezista ambayo omu zake ni urefu wa kipande (katika sekunde) ukigawanywa kwa ukubwa wa kapasita (katika faradi). Ijaribu kwa betri, rezista ya omu 1,000 na kapasita tupu ya mikrofaradi 1, zilizoungwa mfululizo: baada ya milisekunde 1 iwe imefika asilimia 63.2 ya volteji ya betri. Ukipata 50 kamili, umehesabu milisekunde yote kama kipande kimoja.