Mashua ya Sentimita 40

Modeli ya kwanza niliyoikamilisha ilikuwa ya merikebu ya kivita ya Kiingereza ya karne ya 18. Niliiunda kutokana na seti iliyoagizwa nje, ambayo ndani yake mbao zilikuwa zimekwisha kukatwa na kila kiungo kilikuwa na namba yake kwenye mchoro. Kazi hiyo ilinifunza kushika patasi ndogo, kupinda ubao kwa joto na kusubiri gundi ikauke, na ninaishukuru kwa hayo; lakini nilipoiweka juu ya kabati nilitambua kwamba nisingeweza kumwambia mtu yeyote kama ilikuwa sahihi au la, kwa kuwa sikuwahi kuiona merikebu hiyo, wala kumwona baharia wake, wala bahari iliyoibeba. Nilikuwa nimeutii mchoro, basi. Siku chache baadaye nilifika Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa na mashua zimelala ubavu mchangani, na hapo ndipo liliponijia wazo linaloniongoza mpaka leo: vyombo tunavyoviona kila siku katika pwani hii vimejengwa bila mchoro, na asiyevipima vingali hai hataweza kuvipima vikishakufa.

Fundi wa pwani hafanyi kazi kwa karatasi. Huulaza mkuku, ambao ni uti wa mgongo wa chombo, akasimamisha hanamu, mti wa mbele, na fashini, mti wa nyuma, kisha akakipa chombo umbo lake kwa jicho, kwa uzi na kwa vipimo vya mwili: shibiri, ambayo ni kama sentimita 23, dhiraa, ambayo ni shibiri mbili, na pima, ambayo ni dhiraa nne. Nilimwamkia fundi mmoja mzee aliyekuwa akibadilisha mbao za chini za mashua, naye alipokwisha kuniitikia marahaba nikamwomba ruhusa ya kupima chombo chake. Alinitazama kwa muda, akauliza, «Unataka kuijenga kubwa kama hii, mwanangu?» Nikamjibu kwamba yangu itakuwa na urefu wa dhiraa moja kasoro kidogo. Akacheka, akaniachia ncha moja ya uzi, na ile ya pili akaishika mwenyewe.

Mfano wa mtepe unatosha kuonyesha kwa nini kazi hii si ya kupamba sebule tu. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mbao zilitangulia kushonwa, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yalifungwa ndani baadaye. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale sana, kwani mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki yapata karne ya kwanza unataja vyombo vya kushonwa katika bandari iliyoitwa Rhapta, jina linalotokana na neno la Kigiriki la kushona. Hata hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilitoweka, na hakuna mmoja uliohifadhiwa ukiwa mzima. Tunayoyajua tumeyapata katika maandishi ya wasafiri, picha chache, michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu za kuta za kale kama zile za Kilwa, na modeli ndogo zilizohifadhiwa katika makumbusho, ikiwamo ya Lamu. Fundi aliyeziunda modeli hizo, awe alikusudia au hakukusudia, alituachia karibu kila tunachoweza kukishika kwa mkono. Katika karne ya 19 ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, François-Edmond Pâris, alipima na kuchora kwa bidii kubwa vyombo vya watu wa Asia na wa visiwa vya Pasifiki, na modeli zikaundwa kwa kufuata kazi yake. Ninaamini mashua, jahazi, dau na ngalawa zinastahili bidii hiyohiyo kutoka kwetu sisi tunaoishi nazo.

Kwa hiyo kazi huanzia ufukweni. Anayeanza ninamshauri achague mashua yenye urefu wa mita 8 hivi, iliyopandishwa juu ya mstari wa maji kwa matengenezo na kusimamishwa kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, kwa sababu wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo kilicho chini kitaelea kabla hujafika nusu ya vipimo. Nyoosha uzi kutoka kichwa cha hanamu hadi kichwa cha fashini, ukaze, kisha utie alama kila baada ya sentimita 50. Kwa mashua ya mita 8 utapata vituo 17. Katika kila kituo laza ubao ulionyooka kutoka ukingo mmoja wa chombo hadi wa pili, ufunge kwenye ncha yake mti unaoteremka kando ya ubavu kwa pembe mraba, halafu pima umbali kutoka kwenye mti huo hadi kwenye mbao za chombo kila baada ya sentimita 20 kwenda chini. Usitumie timazi, ule uzi wenye uzito nchani. Chombo kilichopandishwa mara nyingi kimeinama kidogo, na timazi huonyesha wima wa dunia, si wima wa chombo. Siku yangu ya kwanza niliitumia, nikarudi nyumbani na mashua yenye ubavu mmoja mnene na mwingine mwembamba. Pima pande zote mbili hata ukidhani zinalingana, kwa sababu hazilingani.

Uwiano ninaoutumia ni 1:20. Mita 8 zinakuwa sentimita 40, ubao wenye unene wa milimita 25 unakuwa milimita 1.25, mataruma yaliyoachana sentimita 40 yanaachana sentimita 2, na kamba ya milimita 16 inakuwa uzi wa milimita 0.8. Wanaounda merikebu kubwa za Ulaya hutumia 1:48 au hata 1:96, nao wana sababu zao. Lakini mashua ikipunguzwa mara 96, ubao wake unakuwa mwembamba kama karatasi ngumu na hauchongeki tena.

Kuhusu mbao, kosa la kawaida ni kudhani kwamba modeli iliyo sahihi lazima itokane na mti uleule wa chombo halisi. Mvule na mninga ni miti mizuri ya mashua, lakini vitundu vyake ni vikubwa: kitundu cha robo milimita katika ubao wa modeli huonekana kama tundu la nusu sentimita katika mashua. Unahitaji mti wenye nyuzi zilizosongamana. Huko nje hupenda mpea na miti mingine ambayo hapa haipatikani kwa urahisi, lakini mpera, mchungwa na mlimau vinatosha kabisa, na matawi yake hukatwa kila mwaka katika nyua za mji huu na kutupwa. Chukua tawi lenye unene wa mkono, lipasue katikati, paka ncha zake rangi au nta ili zisipasuke, uliweke kivulini kwa miezi kadhaa. Vipande vya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge vinafaa sana kwa makapi, yaani roda za kupitishia kamba, na vifaa vingine vidogo, ila vumbi lake huwasha pua na macho, kwa hiyo funika uso unapolitia msasa. Kwa umbo la ndani linaloshikilia mataruma, masalio ya plaiwudi kutoka kwa maseremala wa Keko yanatosha.

Unyevu wa pwani unadai heshima ya pekee. Mti haubadiliki sana kwa urefu, lakini kwa upana huvimba na kusinyaa, tena kwa kufuata duara za ukuaji hubadilika takribani mara mbili ya unavyobadilika kutoka kiini kwenda gome. Pasua vipande vyako ili duara hizo zisimame wima dhidi ya uso wa ubao. Modeli yangu ya pili niliivisha mbao katikati ya masika, zikiwa zimeshiba unyevu, kisha ikapelekwa katika ofisi yenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa; baada ya wiki chache nyufa zilifunguka kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Siku hizi huvisha mbao wakati wa kipupwe, na vipande hukaa katika chumba cha kazi kwa wiki mbili kabla sijavigusa.

Sasa nifike kwenye kuvisha mbao, hatua ambayo wengi huishindwa, ingawa wanaoishindwa wana mikono mizuri. Shida iko katika kufikiri. Kwanza, vipimo vya ufukweni vilichukuliwa nje ya mbao, kwa hiyo kila taruma lazima lipunguzwe unene wa ubao, yaani milimita 1.25, kabla ya kukatwa; ukisahau, chombo kizima kitanenepa. Pili, kingo za mataruma ya mbele na nyuma lazima zichongwe mshazari, maana ubao hupita juu yake kwa pembe. Chukua fito nyembamba inayopindika, ilaze juu ya mataruma matano au sita kwa pamoja, uendelee kupiga tupa mpaka iguse kila moja kwa upana wake wote.

Kisha linakuja jambo kuu. Ubao wa chombo haunyooki. Mtu hukata vipande vyenye upana mmoja, akaanza kuvibandika kutoka ukingoni kwenda chini, na anapokaribia mkuku hukuta vipande vinapandana kwenye omo huku katikati pakiwa na pengo. Sababu ni ya hesabu tupu: ubavu wa katikati ni mrefu kuliko ubavu wa mbele, na idadi ya mbao ni ileile. Chukua utepe wa karatasi, uuzungushe juu ya taruma la katikati kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, upime. Katika mashua yangu ulikuwa milimita 90, nami nilitaka mbao 12, kwa hiyo kila ubao ulikuwa milimita 7.5 hapo katikati. Kwenye taruma la mbele kabisa utepe ulitoa milimita 54, kwa hiyo ubao uleule ulipaswa kupungua hadi milimita 4.5. Fanya hivyo katika kila taruma, utie alama, na utakuwa umeichora njia ya kila ubao kabla ya kukata hata mmoja. Ubao ukitakiwa kupungua zaidi ya nusu ya upana wake, ni afadhali mmoja uishie njiani na jirani yake achukue nafasi yake. Nenda ukatazame mashua yoyote ya zamani kwa karibu, utaona fundi ameyafanya hayohayo bila karatasi.

Bandika ubao mmoja kulia, kisha mwenzake kushoto, bila kutangulia upande wowote, la sivyo gundi inapokauka itauvuta mkuku na kuupinda. Ubao wa omo uloweke katika maji ya moto kwa muda wa dakika 20, halafu uukandamize taratibu kwenye bomba lililopashwa joto. Karibu na joto la maji yanayochemka kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti hulainika, na kikipoa hushika umbo jipya. Usiulazimishe kupinda kwa upana, maana utainuka upande mmoja. Kwa misumari natumia vijiti vya mishikaki: hupasua mwanzi ukawa vijinyuzi, nikavivuta kupitia matundu ya bamba la chuma yanayopungua hadi milimita 0.5, ambayo ni kichwa cha msumari cha sentimita moja. Mashua moja hula zaidi ya 1,000. Ni kazi ya jioni nyingi, nami naipenda kuliko sehemu nyingine zote.

Mlingoti na tanga nitavieleza kwa ufupi. Mlingoti wa mashua huinama mbele. Ukiusimamisha wima, modeli nzima itaonekana ngeni bila mtazamaji kujua kwa nini. Foromali, mti unaobeba tanga, ni ndefu, hukaribia urefu wa chombo, na mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, kwa hiyo usichonge mti mmoja. Tanga hulikata katika pamba nyembamba iliyozeeshwa kwa chai ya rangi, na mishono naichora kwa penseli, kwa sababu hakuna cherehani inayoweza kushona mshono wa kipimo hicho. Sehemu ya chini ya chombo huipaka rangi nyeupe iliyofifia, ile ya shahamu na chokaa ambayo mafundi walizoea kupaka, na juu yake mafuta tu.

Wageni wangu huuliza kama inaelea. Inaelea, lakini haisafiri, na sababu yake inapendeza. Ukipunguza chombo mara 20, nguvu ya upepo uleule ya kukilaza hupungua mara 8,000, maana eneo la tanga hupungua mara 400 na urefu wa mlingoti mara 20. Nguvu ya chombo kujisimamisha hupungua mara 160,000, kwa kuwa uzito hupungua mara 8,000 na upana mara 20. Upepo mwanana unaoisukuma mashua taratibu, kwa modeli ni dhoruba. Anayetaka kuisafirisha hana budi kufunga kipande kizito cha madini ya risasi chini ya mkuku, na hapo haitakuwa tena mashua ile aliyoipima.

Pamoja na kila modeli huweka daftari lenye tarehe, mahali, vituo vyote 17 na kila nambari niliyoichukua, pamoja na majina ya viungo kama fundi mwenyewe alivyoyataja. Kwenye mashua ya Kunduchi, katika kituo cha 6, ubavu wa kushoto umetoka sentimita 2 zaidi ya ule wa kulia. Nilipomuuliza, fundi aliniambia kwamba ubao uliokuwapo siku ile ulikuwa na tumbo, naye hakuona sababu ya kuupoteza. Katika modeli yangu taruma la kushoto la kituo cha 6 limetoka milimita moja.