Malezi yenye mwitikio: nani anamwitikia mtoto, na nani anamwitikia mama?

Mtoto akiitwa na mkubwa, tunamfundisha kuitika: wa kike "abee", wa kiume "naam", na pwani wapo wanaosema "labeka" mpaka leo. Asiyeitika huonekana hana adabu. Lakini kabla mtoto hajafika umri wa kuitwa na kutumwa dukani, mambo huwa kinyume. Yeye ndiye anayeita, na sisi wakubwa ndio tunaopaswa kuitika. Hiyo ndiyo maana ya malezi yenye mwitikio, maneno ambayo siku hizi unayasikia kliniki na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Mtoto mchanga haiti kwa jina. Huita kwa kilio, kwa kukodoa macho, kwa kutafuta ziwa, na baadaye kwa kunyoosha kidole. Mlezi mwenye mwitikio huiona ishara, hutambua inataka nini, kisha huijibu mapema na kwa namna inayolingana nayo. Mtoto akigeuza uso kijiko cha uji kinapokuja, amekwishasema kwamba ameshiba. Kumkaba ili ameze ni kutomsikia, hata kama nia ni njema kabisa.

Wala jambo hili halihitaji midoli ya dukani. Mama amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, mwanawe yuko pembeni. Kuku anasogea, mtoto ananyoosha kidole: "Ku! Ku!" Mama anajibu bila kuacha ungo, "Eeh, kuku! Anataka mchele wetu huyo." Basi. Mtoto amepata neno, na kubwa zaidi, amejua kwamba akisema kuna anayemsikia. Mazungumzo madogo kama hayo, yakirudiwa mara nyingi kila siku, ndiyo yanayoujenga ubongo katika miaka ambayo unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliuweka mwitikio kuwa moja ya nguzo tano za malezi, pamoja na afya, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Tanzania nayo ilizindua programu yake ya taifa Desemba 2021, inayohusu watoto mpaka miaka 8. Nguzo nne hizo nyingine tunazizungumzia sana. Mimi nataka tubaki kwenye mwitikio, kwa sababu unamtegemea mtu, na mtu huchoka.

Katika miaka ya 1970 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya jaribio ambalo si rahisi kulitazama. Mama alicheza na mwanawe wa miezi michache kama kawaida, kisha akatakiwa aukaushe uso: amtazame tu, asitabasamu, asiseme. Mtoto alianza kwa kutabasamu ili amvute. Akanyoosha mikono. Akapiga kelele. Mama alipobaki vilevile, mtoto aligeuza uso pembeni akanywea. Zilikuwa dakika chache tu. Tronick alionesha pia jambo la kuwatuliza wazazi: hata mama na mtoto wanaopendana sana hupishana mara nyingi kwa siku, na kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana baada ya kupishana. Hakuna anayeitika kila mara.

Sasa mfikirie mama ambaye uso wake umekauka kwa wiki na miezi, si kwa jaribio. Huyo si mkatili. Huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua wanakaribia 20. Kulialia siku za mwanzo bila kujua sababu huwapata wengi, na huisha ndani ya wiki mbili. Sonona haiishi hivyo. Mama hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya chakula, anajiona hafai, anamtazama mwanawe kama wa jirani. Akianza kusikia au kuona visivyokuwepo, au akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Kiswahili kina hekima yake hapa. "Mzazi" ni baba au mama wa mtu, lakini pia ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Ndiyo maana tunasema wodi ya wazazi. Na mzazi huyo alikuwa na haki zake: kukandwa kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, mtori kwa Wachaga, siku arobaini za kukaa ndani huku mama yake au shangazi akifua nepi. Sisemi kila kilichofanywa kilikuwa salama. Maji ya moto kupita kiasi yamewaunguza wengi. Lakini kulikuwa na mtu wa kumpokea mtoto ili mzazi alale. Leo wengi wako kwenye chumba cha kupanga mjini, bibi yuko mkoani, biashara inasubiri. Wageni wanakuja kumwona mtoto, wanamsifu, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza, "Na wewe, umekula?"

Kwamba msaada huo unafanya kazi limethibitishwa. Vijijini katika wilaya ya Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalichapishwa 2008: miezi 6 baada ya kujifungua, waliotembelewa kwa njia hiyo walioendelea kuwa na sonona walikuwa asilimia 23, wengine asilimia 53. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi, na akina mama na akina baba walicheza nao zaidi.

Akina baba, ndiyo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Kenya, kwa sheria ya 2007, humpa wiki mbili. Siku 3 hazitoshi hata kuzoea kilio cha usiku, lakini kumshika mtoto saa tisa usiku hakuhitaji ruhusa ya mwajiri.

Na wewe mama unayesoma haya huku mtoto amelala kifuani: ukienda kliniki kwa chanjo, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi waziwazi, "Mtoto hajambo, mimi ndiye sijisikii vizuri tangu nijifungue."