Je, Mungu hampi mtu mzigo unaomshinda?

Wakristo wengi hufarijiana msibani na wodini kwa kusema Mungu hampi mtu mzigo unaozidi nguvu zake. Hutegemea 1 Wakorintho 10:13. Anza kusoma mstari wa 6: pale panazungumzwa vishawishi, yaani ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko, si ugonjwa wala kufiwa. Kisha fungua 2 Wakorintho 1:8. Mtume Paulo, mwandishi wa barua zote mbili, anakiri kwamba huko Asia (jimbo la Kirumi, sehemu ya Uturuki ya leo) walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Na mstari wa 11 anategemea maombi ya wenzake. Kauli ile husemwa kwa upendo, lakini aliyeelemewa huweza kuona haya kuomba msaada. Wagalatia 6:2 inaagiza tuchukuliane mizigo: mpikie, msindikize kliniki, kaa naye.