Ukiahidi gemu, umeshafunga mkataba

Anayechangia harusi Dar es Salaam anajua anachokilipia: kiasi hiki kadi ya mtu mmoja, kiasi kile kadi ya wawili. Harusi ikivunjika, kamati itasakamwa kwenye kundi la WhatsApp wiki nzima, halafu yataisha. Vijana watengeneza gemu wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa sheria kuuliza habari za kuchangisha mtandaoni huja na picha hiyohiyo kichwani. Mchango haudaiwi, wanasema. Huu unadaiwa.

Masharti ya Kickstarter, mtandao wa Marekani wa kuchangishia miradi, yako wazi: anayechangia na anayechangisha wamefunga mkataba wao wawili, na mtandao wenyewe haumo. Ukiandika “toa dola 25 upate gemu na kitabu cha michoro”, mwenzio akalipa, umefungwa. Kushindwa si kosa, maana gemu hukwama kila siku. Ila ukikwama unatakiwa ueleze pesa zimekwenda wapi, nini kimekuzuia, na urudishe kilichobaki kwa ambao hawajapata chao.

Kuna aliyejaribu njia nyingine. Mwaka 2012 Mmarekani mmoja aliomba dola 35,000 atengeneze mchezo wa mezani, akapata zaidi ya dola 122,000 kutoka kwa watu 1,246. Mchezo hakuutoa. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimshtaki ikidai sehemu kubwa ya fedha aliila kwa mambo yake, ikiwemo kodi ya nyumba. Kesi iliishia kwenye suluhu yenye deni la dola 111,793.71, lililosimamishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulilipa. Mwaka huohuo mahakama ya jimbo la Washington ilimwamuru mchangishaji mwingine, wa karata za kuchezea, alipe karibu dola 55,000, ingawa alikuwa amekusanya 25,000 na ushee tu. Waliorudishiwa chao ni wakazi 31 wa jimbo hilo, jumla dola 668. Zilizobaki zote ni faini na gharama za kesi. Kijana mmoja nilipompigia hesabu hiyo alifunika kompyuta yake.

Wenye nia njema nao hunaswa na maneno yao wenyewe. Gemu ya Shenmue III ilichangiwa zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2015, na wachangiaji wanaochezea kwenye kompyuta wakatarajia kuipata kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba itaanzia kwenye duka la Epic. Watu walikuja juu, na ikabidi wapewe nafasi ya kurudishiwa fedha. Kwa hiyo ukurasa wa kampeni usitaje duka, lugha wala tarehe ambayo huna hakika nayo. Andika “tunakusudia” pale unapokusudia, na “utapata” pale tu ambapo mzigo uko mkononi.

Tahadhari kubwa zaidi ni neno “hisa” au “gawio”. Kumpa mchangiaji nakala ya gemu ni jambo moja. Kumwahidi sehemu ya mapato ni jambo lingine kabisa, kwa sababu hapo umeingia kwenye sheria za dhamana za masoko ya mitaji, yaani hisa na mfano wake. Kenya ina kanuni za mwaka 2022 za uchangishaji wa uwekezaji, na jukwaa linahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania, kabla hujawauzia umma hisa, ongea na CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ujumbe wa “wekeza laki, upate asilimia 2” uliorushwa Instagram usiku unaweza kukufikisha pabaya kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.

Hesabu nazo zinadanganya. Dola 20,000 kutoka kwa watu 800 si dola 20,000. Kickstarter inachukua asilimia 5, yaani 1,000. Kuchakata malipo ni asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango, yaani 760. Zinabaki 18,240, na mtu wa kodi bado hajabisha hodi.

Halafu lipo suala la shemeji. Kickstarter haipokei wachangishaji wenye makazi Tanzania wala Kenya, kwa hiyo wengi hutumia akaunti ya ndugu aliyeko London au Toronto. Ielewe vizuri hali hiyo: kisheria mchangishaji ni yeye. Mkataba na wale 800 ni wake, fedha zinaingia benki kwa jina lake, na mamlaka ya kodi ya huko itamuuliza yeye. Mkikosana, mikononi mwako huna kitu. Andikieni karatasi kabla ya kampeni: gemu, jina lake na michoro ni mali ya nani, fedha zinatumwa lini na kwa kiwango gani, kodi analipa nani, na wachangiaji wakidai, anajibu nani. Msaini wote wawili, na shahidi asiwe dada yako.